Acheni kuandika "Mr" kwenye barua za Kifaransa!

Wadau, hili jambo limenichosha. Barua ya Kifaransa imepangwa vizuri, mhuri umekaa sawasawa, halafu katikati ya maelezo mtu kaandika "Mr Dupont". Mr ni Kiingereza! Kifupisho cha Monsieur, yaani Bwana, ni M yenye nukta: M. Dupont. Na nukta ile si pambo. Kifaransa huweka nukta pale neno lilipokatwa mkia. Kifupisho kikiishia na herufi ya mwisho ya neno lenyewe, nukta haina kazi. Ndiyo maana Madame (Bibi) ni Mme, Mademoiselle (mwanamke asiyeolewa) ni Mlle, Docteur ni Dr, na Maître, anavyoitwa wakili, ni Me. Zote bila nukta. Kwa hiyo "Mme." ni kosa, na ile "Melle" inayozagaa kila mahali ni kosa vilevile.

Kwenye wingi ndiko mnakoharibu zaidi. Mtu anawataja wanaume wawili, anachukua "Mr" yake ya makosa na kuipachika s: "Mrs Dupont et Durand". Anayejua Kiingereza akisoma hapo anamwona mke wa mtu! Wingi ni Messieurs, na kifupisho chake ni MM., yaani M mbili zilizoshikana na nukta moja mwishoni. Si "M.M." wala "Mrs". Wanawake ni Mmes.

Halafu kuna salamu. Kifaransa hakifupishi cheo cha mtu unayemwandikia. M. na Mme ni za mtu unayemtaja akifuatiwa na jina lake. Barua rasmi inaanza "Monsieur," au "Madame," kwa ukamilifu, bila jina la ukoo. "Cher M. Dupont" mmeinakili kutoka "Dear Mr Dupont", ambayo kwa Kiingereza ni sahihi kabisa. Na ulivyomwita mwanzoni ndivyo umwite kwenye kifungio: ukianza na "Madame la Directrice," usimalizie "agréer, Madame". Umemvua cheo njiani.

Kwenye Kiingereza nako hamko salama. Waingereza huandika Mr, Mrs, Ms, Dr bila nukta, Wamarekani huweka nukta zote. Shika mtindo mmoja hadi mwisho, siyo "Mr." aya ya kwanza na "Dr" aya ya pili. Miss halina nukta popote, kwa sababu ni neno zima. Wingi wa Mr ni Messrs, lililotoka kwenye messieurs, kwa hiyo "Mssrs" halipo. "Dr Jane Smith, PhD" ni kumpa mtu cheo kilekile mara mbili. Chagua upande mmoja wa jina. Sir hufuatwa na jina la kwanza: Sir Winston, kamwe si "Sir Churchill". Na kama hujui mwanamke ameolewa au la, andika Ms. Kazi yake ndiyo hiyo!

Nyie mnaotengeneza fomu za Kifaransa, kisanduku cha Mlle bado kinafanya nini humo? Waraka wa Waziri Mkuu wa Ufaransa wa tarehe 21 Februari 2012 uliagiza idara za serikali ziachane nacho.

Mnaochapa, msiiache M. peke yake mwisho wa mstari huku Dupont kashuka chini. Kwenye Word bonyeza Ctrl+Shift+Space kati yao, watahama pamoja.

Na mkianza kusafisha violezo vyenu, msibadilishe "Mr" zote kuwa "M." kwa mkupuo kabla ya kuwasha chaguo la kutafuta neno zima tu. Bila hivyo kila "Mrs" iliyomo inageuka "M.s", na hiyo si lugha yoyote.