Ukoo wa Pongwe: habari ya Idi na jeshi

Mama Idi: Asalaam aleikum wote. Naandika hapa kwa pamoja maana simu siwezi kupokea zote. Idi ametolewa kwenye mafunzo ya uafisa wa jeshi la Marekani pale chuoni, ile ROTC. Mbio za maili mbili muda haukufika, akarudia, muda ukagoma tena. Sasa leo ananiambia Jumatatu anaenda kwa rikruta, yule anayeandikisha watu jeshini, kujiandikisha askari wa kawaida. Naomba muongee naye, mimi ananisikiliza halafu anafanya la kwake

Shangazi Zainabu: Waaleikum salaam wifi. Pole jamani. Kwani chuo wamemfukuza??

Mama Idi: Chuo yupo wifi, mwaka wa tatu. Ukadeti ndo umeisha. Lkn ada walikuwa wanalipa wao jeshi

Baba Idi: Msimamo wangu unajulikana. Mtu amesoma mpaka mwaka wa tatu halafu aende kuwa kuruta, aanze kupigiwa kelele na watoto wa miaka 18. Amalize digrii yake basi

Idi: Shikamooni wote. Baba kwa heshima kabisa, mimi toka niko sekondari nilikuwa nataka jeshi, uafisa ulikuja baadaye kwa sababu ya ile skolashipu. Wiki iliyopita nimerudisha vitu vyote stoo, begi, helmeti, koti la mvua, mpaka mkanda, jamaa anaita kimoja kimoja anaweka tiki mi nasaini, nikatoka pale na tisheti yangu tu. Nimeumia lkn hamu haijaisha. Halafu kuna deni la ada, nikijiandikisha linafutwa

Mjomba Hamisi: Marahaba. Nani kakwambia linafutwa?

Idi: Jamaa tuliyekuwa naye kadeti

Mjomba Hamisi: Idi usiende kokote Jumatatu. Niko kazini, nikipata nafasi naandika vizuri

Mwajuma Minnesota: Mi naona angenyamaza tu aende Navy huko, jeshi la majini, wale ni wengine watajulia wapi

Shangazi Zainabu: Bibi yuko hapa pembeni nimemsomea. Anauliza mguu wa Idi umepona? Anasema alipokuja Tanga likizo alikuwa anashuka ngazi kwa upande

Idi: Shikamoo bibi. Unauma kidogo tu huu mfupa wa mbele wa muundi, nikikimbia sana

Mama Idi: Kidogo tu!! Anaweka barafu kila usiku

Mjomba Hamisi: Haya nimetulia. Someni mpaka mwisho maana ni ndefu.

Idi, kuna njia mbili na ukiziangalia kwa mbali unaona ni moja. Ya kwanza, jeshi lenyewe linakuita kazini kama askari wa kawaida kwa sababu ya ule mkataba wa ROTC, yaani badala ya kurudisha pesa unarudisha utumishi, miaka utakayokaa ndo malipo. Ya pili ni hiyo unayotaka ya Jumatatu, unaingia ofisini kwa rikruta kwa miguu yako unasaini mkataba mpya. Huo mpya haugusi ule wa zamani hata kidogo. Utavaa gwanda, utatumikia, na deni litakuwa linakatwa kwenye mshahara wako huo huo wa praiveti, askari wa cheo cha chini. Fungua mkataba uliosaini ulipopewa skolashipu, utakuta wameandika kwamba ukijiandikisha mwenyewe baadaye deni linabaki palepale

Idi: Ngoja niangalie

Mjomba Hamisi: Angalia. Na hizo njia huchagui peke yako. Kwenye barua ya kukutoa kuna sehemu ya kusema unapendelea nini, kulipa kwa mkupuo, kulipa kwa awamu, au kuitwa kazini, lkn uamuzi unatoka makao makuu ya Cadet Command, wanaosimamia ROTC yote, Fort Knox, Kentucky. Ukishasaini kwa rikruta umejifungia mlango wa kuitwa, umebaki na deni.

Halafu jingine, wewe bado ni mtu wa jeshi kwenye makaratasi. Kadeti mwenye mkataba anahesabiwa askari wa akiba, kwenye kundi la ROTC. Mpaka itoke oda ya kukuachia rasmi hakuna rikruta anayeweza kukuingiza, hata awe anakupenda vipi

Shangazi Zainabu: Shemeji hivi wakimtoa uafisa si ndo wamemwandika vibaya moja kwa moja? Huku mtu akirudishwa depo mtaani maneno hayaishi

Mjomba Hamisi: Hapana shemeji. Wanaandika fomu inaitwa DD 785. Inasema alikuwa programu gani, ametoka kwa sababu gani, na chini kuna visanduku, mkuu wake anaweka alama kama anampendekeza siku nyingine kwa mafunzo ya uafisa, kuanzia anapendekezwa sana mpaka hapendekezwi kabisa. Idi hiyo fomu uiombe nakala, ujue wameweka alama wapi. Rikruta yeyote ataitaka, awe wa Army (nchi kavu), Navy, Marines, wote. Na siku ukija kutaka uafisa tena, kupitia OCS, shule ya uafisa ya Fort Benning, au Green to Gold, mpango wa askari kurudi chuo awe afisa, ndo karatasi ya kwanza itakayowekwa mezani, utahitaji kuombewa ruhusa maalumu

Mwajuma mdogo wangu hilo la kunyamaza lifute kabisa. Fomu za kujiandikisha zinauliza historia yako na unasaini kwamba ni kweli. Kuingia jeshini kwa kuficha ni kosa la jinai kwa sheria ya kijeshi, na namba yake ya social, ile ya utambulisho ya serikali, ni hiyo hiyo kila mahali. Kutolewa kwa sababu ya mbio hakumzuii mtu kuandikishwa, uongo ndo unamzuia

Mwajuma Minnesota: Nimekuelewa kaka. Samahani Idi nilikuwa nakuonea uchungu tu

Idi: Mjomba nimekiona. Kipo kweli. Nilisaini nina miaka 18 sikusoma hata

Mama Idi: Ya Rabi. Na mimi nilikuwepo siku hiyo napiga picha

Baba Idi: Hamisi, tuseme deni limepangwa. Bado atakuwa praiveti

Mjomba Hamisi: Shemeji mi nilianza Fort Jackson, South Carolina, wiki kumi za kuruta, hata Kiingereza cha kuitikia amri kilikuwa kinanipiga chenga. Leo hii niko Fort Bliss nina vijana chini yangu na maluteni wanaotoka chuo wananiuliza mimi kazi inafanywaje. Sisemi uafisa si kitu, ni kitu kikubwa. Ila usimwambie mtoto kwamba askari ni mfagiaji. Kwenye cheo pia krediti za chuo zinahesabika, ukijiandikisha Army na krediti 48 unaanza na E-3, ngazi ya tatu kutoka chini, ukiwa na digrii unaanza na E-4. Kwa hiyo hilo lako la amalize digrii kwanza mimi naliunga mkono, ROTC imemtoa, chuo hakijamtoa

Baba Idi: Hapo tunaongea lugha moja. Lkn mwaka wa nne nani analipa

Mama Idi: Tutakaa tuhesabu baba Idi. Kuna msaada wa serikali wa wanafunzi, aombe mapema

Mwajuma Minnesota: Kaka na Rama mdogo wangu je, ana grinikadi tu, anaweza?

Mjomba Hamisi: Askari anaweza, afisa hawezi mpaka awe raia. Rama tutaongea naye siku yake, leo tumalize ya Idi.

Narudi kwa bibi. Bibi ameuliza swali ambalo sisi wote tumelipita. Idi, huo mguu uliwahi kuonyesha daktari? Ipo karatasi?

Idi: Nilienda kliniki ya chuo mara moja wakanipa dawa za maumivu. Kwa wakufunzi sikusema, niliogopa wataniona dhaifu

Mjomba Hamisi: Hiyo tarehe ya kliniki ni kabla ya mtihani wa mbio au baada?

Idi: Kabla. Kabla ya ule wa kwanza

Mjomba Hamisi: Sasa nisikilize. Kutolewa kwa sababu ya afya na kutolewa kwa kuvunja mkataba ni vitu viwili tofauti, hasa upande wa deni. Sikuahidi kitu. Lkn una haki ya kuomba kusikilizwa, kupinga sababu waliyoandika au hata kiasi wanachodai, na pale ndo unapeleka karatasi ya kliniki na picha ya eksirei. Kesho asubuhi nenda upigwe eksirei, muundi ukiuma hivyo unaweza kuwa na ufa. Hata ukija kuwa askari mbio ni zile zile maili mbili, na madaktari wa MEPS, kituo cha kupima wanaojiandikisha, watakukagua mwili mzima kabla hujala kiapo

Shangazi Zainabu: Bibi anasema "nilijua". Anasema pia vita ipo huko?

Mama Idi: Mwambie hapana mama, mtoto yuko nyumbani anakula wali

Idi: Mjomba ile barua imo kwenye imeli, ina tarehe ya mwisho ya kujibu, ni wiki ijayo. Naituma hapa?

Mjomba Hamisi: USITUME hapa, ina namba yako ya social. Nitumie inbox. Na ile sehemu ya kuchagua usiweke alama wala saini mpaka tuongee. Kesho natoka zamu saa kumi na moja jioni ya El Paso, kwenu Ohio itakuwa saa moja usiku

Idi: Sawa mjomba. Rikruta nimpigie nimwambie siji?

Mjomba Hamisi: Mpigie, mwambie ukweli, kwamba unasubiri ROTC wakuachie rasmi na bado unataka. Atakuelewa, si wa kwanza kwake

Baba Idi: Na mimi mniunganishe kwenye hiyo simu ya saa moja

Idi: Sawa baba. Asante