Raundi ya muziki katika chemsha bongo: nifanyeje ili meza zote zishiriki?

Mwana Kirumba:

Habari zenu ndugu zangu. Kila Alhamisi usiku ninaendesha chemsha bongo katika baa moja hapa Kirumba, Mwanza, na kwa kawaida tunapata meza nane hadi kumi. Raundi za jiografia na mpira zinakwenda vizuri, lakini raundi ya muziki inanisumbua. Hadi sasa nimekuwa nikipiga sekunde kumi za mwanzo wa wimbo, kisha watu wanaandika jina la wimbo na la mwimbaji. Nikipiga Bongo Fleva, vijana wanajaza karatasi na wazee wanaweka kalamu chini. Nikipiga dansi la zamani, wazee ndio wanaojaza na vijana wanageukia soga zao. Wiki iliyopita nilimwona kijana ameishika simu chini ya meza, nayo ikautambua wimbo kabla sijapunguza sauti ya spika. Mzee mmoja wa meza ya jirani, ambaye hakosi Alhamisi hata moja, aliniambia kwa upole kwamba hapo anayeshindana ni simu, si mtu. Maneno yake yamenikaa moyoni, kwa sababu ninaipenda sana raundi hii na sitaki kuifuta. Naomba mawazo yenu.

Mzee wa Pasiansi:

Acha kuuliza jina la wimbo, uliza habari za wenye wimbo. Bendi zetu za dansi zilijitambulisha kwa mitindo, na kila mtindo ulikuwa na jina lake: Western Jazz walikuwa na Saboso, Mlimani Park wana Sikinde, Maquis walikuwa na Kamanyola, na Safari Sound walikuwa na Ndekule. Andika bendi upande mmoja na mitindo upande wa pili, kisha meza zioanishe. Kijana ambaye hajawahi kuingia ukumbini atakuwa amelisikia neno Sikinde nyumbani kwao, na kwa kuoanisha anapata pa kuanzia.

Jambo la pili, toa vidokezo kwa hatua, na alama zipungue kila unapoongeza kidokezo. Sema: bendi hii ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Atakayeitaja hapo apate alama nne. Kisha sema kwamba iliwahi kuitwa JUWATA Jazz, ukatoe alama tatu, halafu kwamba iliwahi kuitwa OTTU Jazz, ukatoe mbili. Alama moja ni ya yule anayesubiri hadi useme kwamba mwanzoni iliitwa NUTA Jazz, ndipo anaandika Msondo Ngoma. Mimi ninachokipenda katika mpango huu ni ile minong'ono ya mezani, watu wakibishana kama wajibu sasa au wangoje.

Binti wa Nyegezi:

Shikamoo Mzee. Ninaunga mkono, na ninaongeza raundi ambayo majibu yake yanafungamana: herufi za kwanza za majibu yote ziunde neno ambalo kila mtu wa Mwanza analijua. Huu hapa mfano nilioutunga asubuhi ya leo. Swali la kwanza, mtindo wa Western Jazz. La pili, bendi ya Tanga yenye jina linalokumbusha bomu. La tatu, muziki wa kundi la Nadi Ikhwan Safaa la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1905. La nne, jina la pili la hayati Remmy, aliyekuwa kiongozi wa bendi ya Super Matimila na aliyezaliwa Kindu, Kongo. Majibu ni Saboso, Atomic, Taarab na Ongala, na ukisoma herufi za mwanzo kutoka juu kwenda chini unapata SATO, samaki wetu wa ziwani.

Meza iliyokwama kwenye swali la pili lakini ikaona S, T na O itajua kwamba inatafuta A, na hapo hata yule asiyejua muziki kabisa anakuwa na la kuchangia. Ukishatumia sato, wiki nyingine tengeneza SANGARA, ingawa ile itakutaka maswali saba.

Mwalimu wa Bwiru:

Kuhusu simu, dawa ni kuacha kupiga nyimbo zilizorekodiwa. Piga mdundo kwa viganja juu ya meza, au soma mashairi ya wimbo polepole kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari, bila tuni yoyote. Programu ya simu inayotambua nyimbo haitakuwa na cha kukamata.

Usisahau pia kwamba tunaishi kando ya ziwa lenye ala zake. Unaweza kuuliza enanga ni ya nani (Wahaya wa Kagera), litungu ni la nani (Wakuria wa Mara), na nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi ngapi (nane). Ukimpata mpigaji mmoja aje na ala yake, mlipe vizuri, apige, nanyi mtaje jina la ala.

Tahadhari moja tu: swali la Wimbo wa Taifa, ambao tuni yake aliitunga Enoch Sontonga mwaka 1897 na ambayo hutumiwa pia na Zambia na Afrika Kusini, ni zuri mno, lakini uliulize kwa maneno. Ukiupiga, watu watalazimika kusimama na glasi mkononi, nami naona haipendezi.

Mwana Kirumba:

Marahaba kwa wote mlionisalimu, na Mzee wangu, shikamoo. Alhamisi hii nitaanza na vidokezo vya hatua, kisha SATO, na mdundo wa viganja nitauweka mwishoni wakati baa imechangamka. Mwalimu, kuna mtu unayemfahamu hapa mjini anayepiga litungu? Mwenye baa amekubali kutoa nauli na chakula, nami nitachangia malipo yake.