Mjadala: Halmashauri ziruhusiwe kuyakataa madubwi?

Mleta mada (Ujiji)

Wadau wa Kigoma, naleta jambo moja, tusilitawanye. Leseni ya baa inatolewa hapahapa na mamlaka zetu, kwa Sheria ya Vileo ya 1968. Wenyeji wakichoshwa na kelele, wanajua mlango wa kugonga. Dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, mambo yake ni mengine. Leseni inatoka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa sheria ya 2003 inayotumika sawasawa kuanzia Kakonko mpaka Mtwara, na kodi yake tangu 2017 inakusanywa na TRA. Neno la mwisho si la kijiji wala la halmashauri. Kwa nini bia iamuliwe hapa na dubwi liamuliwe huko?

Najua wapo watakaosema nchi moja haiwezi kuwa na sheria mbili za kamari. Waangalie Australia. Jimbo la New South Wales mashine hizi zimejaa kwenye baa na klabu za mitaani. Western Australia, nchi ileile, bendera ileile, zinaruhusiwa ndani ya kasino moja tu mjini Perth. Marekani nako Nevada iliruhusu kasino tangu 1931, wakati Utah na Hawaii mpaka leo hazina hata bahati nasibu. Tena tusiende mbali: sheria yetu ya 2003 ni ya Tanzania Bara, na kamari haimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Tofauti ndani ya jamhuri moja tunayo tayari, ila hatuijadili.

Msimamo wangu: kubeti kwa simu kubaki mikononi mwa taifa. Ila mashine iliyosimama kwenye fremu ya mtaani, wanaoishi nayo waulizwe.

Mdau wa Kasulu

Mkuu, hoja nzuri lakini kisheria ina shimo. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo tangu 1982, Sheria Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji. Sasa diwani atunge sheria ndogo ya kukataa kitu ambacho sheria ya Bunge imekiruhusu? Ikifika mahakamani haimalizi wiki. Lazima Bunge lifungue mlango kwanza.

Halafu ukifungua, fungua kwa akili. Wenzetu Kenya katiba yao ya 2010 imeweka kamari na kasino kwenye orodha ya kazi za kaunti, kisha ikaweka kamari ya kitaifa kwenye orodha ya serikali kuu. Mfanyabiashara ana mabosi wawili, na kila bosi ana risiti yake. Ndicho unachotutakia?

Mwenye fremu, Gungu

Nisikilizeni na mimi ambaye mnanijadili bila kunitaja. Nina mashine mbili dukani. Si zangu, ni za kampuni. Wao wanakuja na funguo, wanafungua sanduku, tunahesabu mbele ya macho yangu, wanachukua chao, wananiachia changu. Kinachobaki kinalipa pango na umeme. Mara kadhaa kimelipa ada ya mtoto.

Mnasema halmashauri ikatae. Haya, ikatae. Mimi mwenye leseni nitatii kesho yake. Yule mwenye mashine isiyo na kibali ataiingiza chumba cha nyuma, aweke pazia, na sasa hata huyo mkaguzi mmoja anayepita hataiona. Mtakuwa mmemfunga anayeonekana.

Na mipaka yenyewe mnaijua? Mwanga na Gungu wakikataa, Uvinza wakikubali, bodaboda watapata ruti mpya. Kule Marekani ilitokea hivyohivyo. Mahakama yao ya juu ilipoachia majimbo yaamue ubetishaji wa michezo mwaka 2018, New Jersey ikaruhusu simu, New York ikachelewa. Watu wa New York wakawa wanavuka daraja, wanasimama upande wa pili, wanaweka mkeka kwenye simu, wanarudi nyumbani. New York ikaja kuruhusu simu Januari 2022, hela ilishavuka.

Jambo la mwisho. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, vijana wa Kibirizi hawakuwa na dagaa wala mgebuka wa kuvua. Walikuja kukaa kwangu. Dubwi halikuwaleta, njaa ya kazi ndiyo iliwaleta.

Mama wa duka, Mwanga

Mwanangu wa Gungu, sikatai riziki yako. Ila umeruka kitu. Hao vijana walikuja na hela gani kama kazi haikuwepo?

Mimi nauza sabuni na chumvi ng'ambo ya barabara kutoka lilipo dubwi. Sarafu za mia mbili kwangu zimekuwa adimu, zote zinalala kwenye yale masanduku. Mtu anaingia na noti ya elfu mbili, anachenjiwa sarafu kumi, anazitumbukiza moja moja, taa inazunguka, tikiti maji, kengele, nyota, inapita. Zikiisha anakuja kunikopa sukari. Na sheria inasema chini ya miaka 18 marufuku, lakini nimeona kaptula ya shule pale saa nne asubuhi. Nimwambie nani? Bodi? Sijui hata nianzie wapi kuitafuta. Mtendaji wa kata namjua, anapita hapa kila siku, ananiambia "mama, hilo si langu."

Mdau wa Nguruka

Huku kwetu wameshahama kwenye dubwi, ni mikeka tu kwenye simu, Simba, Yanga, mpaka ligi za Ulaya zisizojulikana. Mkipitisha azimio la kukataa mashine mtapiga makofi mrudi nyumbani mkabeti.

Mleta mada (Ujiji)

Wa Nguruka, ndiyo maana nilitenganisha tangu mwanzo. Simu huwezi kuizuia kwa azimio la kata. Wamarekani programu zao zinasoma mtu amesimama jimbo gani ndipo zimruhusu, na hata hivyo mwenzetu wa Gungu ametuonyesha daraja lilivyotumika. Lakini kushindwa jambo moja si sababu ya kuacha lingine.

Wa Gungu, ya bodaboda nakubali, wapo watakaosafiri. Ila anayelipa nauli mpaka wilaya nyingine ameamua kwenda kucheza. Yule aliyetumwa mkaa akakuta dubwi mlangoni hakuamua chochote. Huyo wa pili ndiye ninayemzungumzia, na yule wa kaptula. Tena mama ameieleza hoja yangu vizuri kuliko mimi: mtendaji anayeonekana hana mamlaka, mwenye mamlaka haonekani.

Mdau wa Kasulu

Basi tusiombe kupiga marufuku, tuombe kitu kidogo zaidi. Sheria ya 2003 irekebishwe, Bodi isitoe kibali cha mashine ya mtaani bila barua ya ridhaa kutoka eneo husika. Leseni inabaki moja, bosi anabaki mmoja, wenyeji wanapata nafasi ya kusema hapana.

Swali ni asaini nani. Ukimwachia mtendaji peke yake, barua itapata bei kabla wino haujakauka.

Mwenye fremu, Gungu

Hapo umenena. Na ridhaa ikishatolewa isiwe ya kufutwa kila diwani mpya akiingia. Mtu kalipa pango la mwaka.

Mleta mada (Ujiji)

Vijijini asaini mkutano mkuu wa kijiji, kwa kura, na ridhaa iishe pamoja na leseni, isifutwe katikati. Mjini ndiko kwenye kazi. Mkutano wa mtaa wetu hapa Ujiji wanakuja wazee na wajumbe, wanaocheza hawaji, na akina mama wa maduka wako dukani saa hiyo. Mama wa Mwanga, kwenu mikutano inaitishwa saa ngapi?