Ziwa Michaelson kupitia Chogoria: kulala mara mbili kunatosha tukitoka Mombasa?

BintiTudor
Habari zenu wakuu. Tuko watu watano, wote wa Mombasa, twataka kwenda Ziwa Michaelson, Mlima Kenya, mwishoni mwa Januari. Kilele cha Lenana hatuendi safari hii, ziwa lenyewe ndilo tulilolikusudia. Tumepanga hivi: Ijumaa tulale Chogoria mjini, Jumamosi asubuhi gari litufikishe getini, tutembee mpaka ziwani tulale huko, Jumapili turudi. Mazoezi tumefanya na kilomita 15 kwa siku hazitushindi. Je, mpango huu unawezekana? Njia ya ukingoni na ile ya bondeni, ipi bora? Na dawa ya kuzuia maradhi ya mwinuko ni lazima?

MsafiriWaNithi
Dada, miguu yenu sina shaka nayo. Tatizo ni usiku wa Jumamosi. Geti la Chogoria liko karibu mita 2,950 na ziwa liko karibu mita 4,000. Mkitembea siku moja kutoka getini mpaka ziwani mtakuwa mmelala mita elfu moja juu ya mlipoanzia, na siku mbili nyuma mlikuwa usawa wa bahari. Ukishapita mita 3,000, kila usiku usilale zaidi ya takriban mita 500 juu ya ulipolala jana. Kwa kipimo hicho hesabu inakuja hivi: Alhamisi mlale kwenye banda za getini, Ijumaa Ziwa Ellis (mita 3,455), Jumamosi Michaelson, Jumapili mshuke. Ni kulala mara tatu mlimani. Kama Alhamisi haipatikani, fanyeni Ellis ndiyo mwisho wa safari. Ni ziwa zuri kwa haki yake, na kutoka getini ni mwendo wa saa 3 au 4 taratibu.

Kutoka mjini hadi getini ni kama kilomita 30 za msitu na mianzi. Udongo ni mwekundu, ukilowa gari la kawaida halipandi hata likisukumwa. Tafuteni Land Cruiser au mfano wake, mwondoke mjini kabla ya saa 8 mchana. Nyati na ndovu wanatumia barabara hiyo hiyo, kwa hiyo msiitembee kwa miguu alfajiri wala jioni.

Sasa njia. Ya bondeni inatoka Ellis, inapanda kilima cha Mugi, kisha inateremka kuingia Gorges Valley na kufuata bonde la mto Nithi mpaka ziwani. Wekeni saa 6 hadi 7. Mnafika ziwani moja kwa moja, na kwa nia yenu hii ndiyo njia. Ya ukingoni inaanzia mwisho wa barabara ya magari, inapanda mgongo wa mlima hadi kambi ya Mintos na vidimbwi vya Hall Tarns, karibu mita 4,300, na ziwa mnaliona chini kabisa mkiwa juu ya genge la Temple. Kutazama, hakuna mahali pazuri kupita hapo. Lakini kulifikia ziwa mtashuka karibu mita 300 kwenye kijia kikali cha kokoto, na mizigo mgongoni, baada ya kuwa tayari mmepanda juu kuliko panapohitajika. Mkipita Temple kukiwa na ukungu, kaeni mbali na ukingo. Genge limekatika wima, na majani yamesimama mpaka mwisho wake, kwa hiyo jicho halipati onyo.

Upande huu wa mashariki ndio unaopokea mvua nyingi. Hata Januari, mawingu hupanda kutoka chini kuanzia saa 5 au 6 mchana. Anzeni kutembea saa 1 asubuhi, na mhesabu kuwa saa 8 mko kambini.

Jambo la mwisho: KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) hairuhusu mtu kuingia mlimani peke yake, na malipo ya hifadhi hufanywa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, pesa taslimu haipokelewi getini. Lipeni mkiwa mjini, mtandao msituni hautabiriki.

Sista_Mlimani
Naongezea upande wa afya. Mita 4,000, kila pumzi inabeba takriban asilimia 60 ya oksijeni mnayoipata Mombasa. Mazoezi hayakukingi na hili. Mara nyingi vijana wenye nguvu ndio wanaougua, kwa sababu wanakwenda mbio. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema.

Dawa ya asetazolamidi (Diamox) si lazima mkifuata ratiba ya kulala mara tatu, lakini kwa watu wa pwani ina maana kuifikiria. Kipimo cha kawaida cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawasha kama ganzi, mkojo utakuwa mwingi, soda itapoteza ladha. Hayo ni ya kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa au maradhi ya figo asiiguse kabla ya kuonana na daktari. Ijaribuni nyumbani kwanza, msije kuligundua tatizo mkiwa Ellis.

Kichwa kuuma kidogo, kukosa hamu ya kula na usingizi wa kukatika ni dalili za mwanzo. Pumzika hapo hapo, kunywa maji, meza panadoli, na usipande mpaka ziishe. Zikizidi baada ya kupumzika, teremka.

Dalili hizi mbili hazisubiri asubuhi. Ya kwanza ni mtu kuhema akiwa amelala tu, au kukohoa povu. Ya pili ni kuyumba kama mlevi. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ubongo umeanza kuvimba. Mshusheni usiku huo huo, akisindikizwa, angalau mita 500. Asiachwe alale "aone kama atapata nafuu".

Jikoni4000
Chakula nacho kina mambo yake. Ziwani maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, kwa hiyo maharagwe na githeri hayaivi, mtamaliza gesi bure. Bebeni vinavyoiva upesi: tambi, shayiri, viazi vilivyokatwa vidogo, mchele uliolowekwa saa moja, maharagwe yaliyochemshwa nyumbani. Maji ya kunywa yachemke dakika 3 nzima, hata yakionekana meupe kama kioo.

Mitungi midogo ya gesi ya butani pekee husinzia baridi ikikaribia sifuri, na usiku wa pale unashuka chini ya sifuri. Nunueni yenye mchanganyiko wa propani, na usiku mlale nao ndani ya mfuko wa kulalia. Kwa watu watano wanaopika mara mbili kwa siku, gramu 100 kwa mtu kwa siku inatosha. Kuni msifikirie: moto ni marufuku, na mwaka 2012 tuliona jinsi majani yale makavu yanavyobeba moto.

Pimbi wa pale juu wamezoea watu. Mkate ukiachwa nje ya hema, si wenu tena.

BintiTudor
Asanteni sana, Alhamisi tumeipata. Sasa nguo: tukivaa jinzi na makoti mazito itatosha? Na ziwani watu huoga?

MsafiriWaNithi
Jinzi hapana. Pamba ikilowa haikauki huko, na inaunyonya joto la mwili mpaka mtu anatetemeka mchana kweupe. Vaeni suruali nyepesi za nailoni au poliesta, sweta la sufu au flisi, na koti la mvua juu. Seti moja kamili ya kulalia, soksi zikiwemo, ifungwe kwenye mfuko wa plastiki na isiguswe mpaka mko ndani ya hema. Mfuko wa kulalia uwe wa nyuzi 5 chini ya sifuri au zaidi, na mkeka mzito chini yake, kwa sababu baridi ya ardhini ni mbaya kuliko ya hewa. Baada ya Ellis mtakanyaga mafundo ya majani yenye matope katikati. Buti za mpira zenye soksi mbili zinafanya kazi nzuri kuliko viatu vya gharama vinavyovuja.

Kuoga, naomba msirukie. Maji yale hukata pumzi ghafla, na hakuna wa kuwaokoa. Sabuni isiingie ziwani wala mtoni, walio chini wanakunywa hayo hayo. Choo kichimbwe mita 60 kutoka majini, kina cha sentimita 15 hadi 20, na karatasi mrudi nazo, maana kwa baridi ile haziozi kwa miaka.

Na wapagazi: msiwape zaidi ya kilo 18, na kabla ya kuondoka getini muulizeni kila mmoja akuonyesheni mfuko wake wa kulalia na koti la mvua. Asiye navyo, mkodishieni mjini.