Mrejesho: mwanangu aliyekuwa anatoa damu chooni

Wapendwa, niliwauliza kama kipimo cha nyuklia ni salama kwa mwanangu wa miaka 3, aliyekuwa anapata choo chenye damu nyingi bila kulalamika tumbo, na ultrasaundi haioni kitu. Tumekifanya. Alidungwa mshipani dawa kidogo yenye mionzi, tekineti-99m, akalala chini ya kamera karibu saa nzima, kakishika kidole changu hakiachii. Kwenye skrini mfuko wa chakula uling'aa, na pamoja nao kidoa kingine, chini kulia. Kumbe ni kifuko cha Meckel, kijifuko kwenye utumbo mdogo alichozaliwa nacho: ndani kina utando kama wa mfuko wa chakula, unatoa asidi inayochimba kidonda utumboni. Nguvu ya mionzi ya dawa ile niliyoiogopa hupungua nusu kila saa 6. Kashafanyiwa upasuaji, wiki ya tatu hii hakuna damu. Asanteni mno kwa kunitia moyo nisikatae.