Hilux ya zamani: nikikanyaga breki, indiketa inawaka

Mvuvi_Sahare
Wakuu, salaam. Hilux ya dizeli, volti 12, inabeba samaki na barafu kutoka Sahare. Nikikanyaga breki, indiketa ya mbele kushoto inawaka kwa mbali. Fyuzi ya taa ndogo, ampea 15, inaungua gari likipita barabara mbovu, likisimama haiungui. Na likilala siku mbili, betri ya 70 Ah (ampea-saa) haizungushi staata. Nimeshauriwa nifumue wayaringi yote. Kuna haja?

Umeme_Chumbageni
Usifumue kitu mkuu. Hayo ni matatizo matatu tofauti, na la kwanza ni hasi (waya unaorudisha umeme kwenye chasisi) ya taa ya nyuma kushoto.

Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili, wati 21 ya breki na wati 5 ya taa ndogo, nazo zinatumia hasi moja na indiketa. Hasi ikikatika, umeme wa breki haubaki umekaa: unarudi kwa kupitia balbu ya indiketa, unafuata waya wake hadi mbele na kushukia huko. Ndiyo maana unaona mwanga usioutarajia.

Pima kabla ya kununua chochote. Mita iweke volti 20 za DC, ncha nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyekundu kwenye hasi ya holda ya taa, mtu akanyage breki. Ikisoma chini ya volti 0.2 ni nzima. Ikizidi 0.5, hapo ndipo pabovu. Kata waya nyuma hadi ukute shaba nyekundu. Ile ya kijani imeshaliwa na chumvi, na maji ya barafu husafiri ndani ya waya mbali kuliko unavyodhani. Funga waya mpya wa milimita mraba 2.5 kwenye chasisi iliyopigwa msasa hadi ing'ae. Grisi ipake baada ya kukaza bolti, juu yake.

Pongwe_Gereji
Kuhusu fyuzi: tafadhali usiweke ya 30. Waya utaungua kabla ya fyuzi, na juu yake kuna bodi na mafuta.

Toa balbu za taa ndogo mbele na nyuma pamoja na ya namba. Mahali pa fyuzi unganisha balbu ya wati 21, kisha washa taa ndogo. Hata kukiwa na shoti, balbu hiyo haipitishi zaidi ya ampea mbili hivi, kwa hiyo nyaya ziko salama. Mwanga hafifu ni taa za dashibodi tu. Sasa tikisa nyaya kidogo kidogo kuelekea nyuma. Ikiwaka ghafla kwa nguvu zote, uliposhika ndipo penye shoti. Anzia kwenye matundu ya chasisi yaliyopoteza mpira, karibu na springi, na palipofungwa tepu tupu.

Mvuvi_Sahare
Shukrani. Hasi ilisoma volti 1.8, baada ya waya mpya 0.08. Shoti ilikuwa juu ya springi ya kulia. Limebaki la betri.

Umeme_Chumbageni
Vizuri. Zima kila kitu, toa waya wa hasi wa betri, weka mita ya ampea 10 kati yake na nguzo. Usipige staata mita ikiwa hapo. Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Ampea 1 kwa saa 48 inakunywa 48 Ah, na dizeli haiwaki kwa kilichobaki. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke.

Isiposhuka kabisa, toa mita, acha hasi wazi, ondoa waya mnene wa altaneta (inayochaji betri) na uzungushie tepu, kisha pima tena. Ikishuka, daiodi za ndani yake, zinazozuia umeme usirudi kutoka kwenye betri, ndizo zinazovujisha. Altaneta ya namna hiyo inaweza bado kutoa volti 14.2 injini ikiwaka, kwa hiyo namba hiyo isikudanganye.