Harusi Desemba hapa Dar: kamati imeanza vikao, nataka siku iwe yetu na iende kwa saa

Bi harusi wa Desemba:

Habari zenu, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri wa waliowahi kukaa kwenye kamati au waliofunga ndoa miaka ya karibuni.

Mimi ni Mchaga wa Marangu, mwenzangu ni Msambaa wa Lushoto, wote Walutheri wa KKKT na wote tunaishi Dar. Mahari imeshaisha, tarehe tumepata, Jumamosi ya pili ya Desemba. Ibada saa nane mchana usharikani kwetu Mbezi ya Kimara, ukumbi uko Sinza, wageni 250. Send-off itafanyika nyumbani Marangu, ndogo tu, wazee wamekubali. Kwa hiyo kinachoninyima usingizi ni siku yenyewe.

Kamati yetu ina watu wazuri, nasema hivyo kwa moyo mmoja. Ni wajomba zangu, kaka zake, wafanyakazi wenzetu. Wanatoa hela zao na wanaacha Jumapili zao kuja kwenye vikao. Ila ratiba iliyoletwa kikao kilichopita ni ile tunayoiona kila wiki: maharusi kuingia ukumbini saa mbili usiku, utambulisho, nasaha, keki, shampeni, chakula saa nne, zawadi, muziki, kwaherini. Ukibadilisha majina mawili juu ya karatasi, ni harusi ya mtu mwingine yeyote.

Bibi mzaa mama anateremka kutoka Marangu. Ndiye aliyenilea mpaka nikamaliza darasa la saba. Saa tatu usiku yeye huwa ameshalala, na haoni vizuri gizani. Nataka ale akiwa macho, aone ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) ikikatwa, aseme neno lake kwa Kivunjo kama anavyosema nyumbani. Mama mkwe na dada zake nao wana wimbo wa Kisambaa ambao huwaimbia mabinti wanaoingia kwenye ukoo wao, na hakuna aliyewapa nafasi kwenye ratiba. Halafu mpambaji ananiuliza rangi tu, nimeonyeshwa maua ya plastiki ya kila aina. Mimi nataka masale kutoka kihamba cha bibi, shamba lake la nyumbani (ameniruhusu, kwetu sale ni jani la amani) na plamsi za Lushoto mezani.

Nipunguze nini bila kuwavunjia heshima wanaochanga? Na mliofanikiwa kuingia ukumbini mapema mlifanyaje?

---

Katibu wa vikao:

Mdogo wangu, hongera sana. Nimekuwa katibu wa kamati za harusi kwenye ukoo wetu kwa muda mrefu, na swali lako ni lile ninalotamani maharusi wote waulize mapema hivi.

Usianze na ukumbi. Tatizo lako liko kanisani, kwenye hiyo saa nane. Hesabu kurudi nyuma. Kumbi nyingi zinazima muziki saa sita usiku, soma mkataba wako uone wenu unasemaje. Ibada ya ndoa yenye kwaya mbili, mahubiri, kusaini vyeti na picha za ngazini inakupeleka saa kumi na nusu, hata kama umefika kwa wakati. Hapo mpiga picha anataka bahari. Kutoka Mbezi ya Kimara mpaka Coco Beach Jumamosi jioni, Barabara ya Morogoro mnaijua, na matarumbeta yako mbele kwenye pickup yanakwenda mwendo wa kucheza. Desemba jua la Dar linazama saa kumi na mbili na nusu na dakika chache tu. Tena Coco Beach inatazama mashariki, jua linashuka nyuma yenu upande wa Oysterbay, kwa hiyo mwanga wa jioni unaondoka pale kabla hamjashuka kwenye gari. Mnapiga picha za gizani, mnarudi Sinza mmechoka, saa mbili na nusu ndiyo mnaingia. Hakuna MC anayeweza kuokoa siku iliyopangwa hivyo.

Nenda kwa mchungaji wiki hii, wewe na mwenzako, msitume mtu. Ombeni ibada ya asubuhi, saa nne au saa tano. Bebeni vyeti vya ubatizo na kipaimara, ulizeni matangazo ya Jumapili tatu yataanza lini, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inadai taarifa ya angalau siku 21 kabla ya ndoa. Mkipata asubuhi, saa saba mmemaliza kanisani. Mnapiga picha, mnakula, unavua viatu, unalala hata nusu saa. Saa kumi na mbili kamili mnaingia ukumbini mkiwa watu wazima wenye nguvu.

Saluni iwafuate nyumbani. Na wewe usiwe wa mwisho kupambwa. Waanze wapambe wawili, uje wewe, wamalizie wengine huku matroni anakufunga gauni. Bi harusi akiwekwa mwisho, kila dakika iliyopotea kwa wenzake inamwangukia yeye.

Sasa heshima ya wanaochanga. Mimi naamini mtu aliyelipa kadi yake ya double, ya watu wawili, hadai kutajwa jina kwenye spika pamoja na ukoo wake na kazi yake. Anataka kuonekana kwamba amekuja. Utambulisho wa saa nzima hautoi hicho, kwa sababu watu wanasimama na kukaa wakati ninyi mko mbali kule jukwaani. Pendekezeni kwenye kikao kwamba watatambulishwa wazazi, walezi na wasimamizi peke yao, wengine kwa makundi, kisha ninyi wenyewe wakati wa chakula mpite meza kwa meza. Kwa wageni 250 ni meza 25 za watu kumi, dakika mbili kila meza. Ni chini ya saa moja, na kila aliyechanga amekushika mkono. Mzungumze na mwenyekiti pembeni kabla ya kikao, asilisikie mbele za watu kwa mara ya kwanza. Akilitoa yeye, limepita.

Hela sitasema mengi: bajeti ya ukumbi na chakula iandikwe kwa taslimu iliyoko kwa mweka hazina. Ahadi zina daftari lake.

---

Mshereheshaji wa Mwanza:

Naongezea kwa upande wa anayeshika maiki, maana lawama nyingi za siku hiyo huishia kwangu.

MC mwiteni mkae naye mezani kabla, msimtumie ratiba kwa WhatsApp tu. Mimi huwauliza maharusi mambo ambayo hayaandikwi kwenye ratiba. Nani amefariki ndani ya mwaka huu, nisije nikamwita asimame. Kama wazazi wametengana, nani anakaa na nani. Jina la ukoo linatamkwaje, kwa sababu mzee wa Kichaga ukimkosea jina la ukoo mbele ya wakwe ameumia, hata akicheka. Nani asipewe maiki kabisa, hata akiomba.

Dada, bibi yako awe tukio la kwanza baada ya sala. Mkiingia saa kumi na mbili, ndafu ikatwe saa moja kasoro, yeye akiwa ameketi kiti chenye mgongo karibu na meza kuu na mbali na spika. Sahani yake iletwe palepale, asipange foleni ya bafe. Meza zote za wazee zihudumiwe hivyo, na ni jambo la kumwambia mpishi wiki kabla, maana inahitaji wahudumu wa ziada. Wimbo wa akina mama wa Lushoto uwekwe mara baada ya ndafu, watoke mezani kwao wakiimba bila muziki wa DJ. Ukumbi unanyamaza wenyewe. Nimeshuhudia akina mama wa Kisukuma wakifanya hivyo huku kwetu, na watu walioshika simu wakazishusha.

DJ mpe nyimbo zako kwenye flashi, zikiwa na namba na maelezo: hii ya kuingia, hii ya ndafu, hii ya zawadi. Ukimwambia "weka chochote kizuri" ataweka alichoweka Jumamosi iliyopita.

La mwisho, nipe mtu mmoja wa kuniambia ndiyo au hapana. Mmoja. Sio mwenyekiti, maana yeye ana wageni wake. Kaka au rafiki mtulivu mwenye simu iliyochajiwa. Siku hiyo wewe usipokee simu ya mtu yeyote, si ya mpambaji, si ya dereva.

---

Shangazi wa Tanga:

Mwanangu, mimi ni Mwislamu na harusi zetu huku Tanga zina mwendo wake. Nikaha inasomwa, pilau inaliwa mchana kwenye sinia, wanawake wana shughuli yao na mwenye safari yake anaondoka mapema. Sikuambii uige. Nimekusoma tu hapo kwa bibi, na hapo na huyo kaka wa Mwanza sikubaliani.

Mzee wa kijijini kushikishwa maiki mbele ya watu 250, taa za video usoni, kelele nje, neno lake litatoka nusu. Atasema "nawashukuru" na kukaa. Neno la mlezi ni la chumbani. Asubuhi, kabla hujavaa shela, wafukuze wapambe, wafukuze kamera, abaki bibi na mama yako. Muda huo uandikwe kwenye ratiba kama inavyoandikwa saa ya gari. Usipouandika hautakuwepo, kwa sababu nyumba ya harusi asubuhi haina mlango unaofungwa. Hayo ndiyo utakayoyakumbuka ukiwa na wajukuu, na kwetu somo, mama anayemfunda mwari, alikuwa na kazi hiyo hasa.

Ukumbini bibi akate ndafu, ale, apungie watu, apelekwe kulala. Na mmpangie dereva wake mwenyewe. Msiseme "tutaona nani anatoka mapema". Hatoki mtu.

---

Bi harusi wa Desemba:

Shangazi shikamoo. Nimesoma maneno yako nikamsomea na mama, amelia.

Nirudishe majibu. Mchungaji ametupa saa tano asubuhi. Alisema wanaoomba asubuhi ni wachache, saa zile zilikuwa wazi. Mjomba ambaye ni mwenyekiti tulimfuata nyumbani kwake Tabata, tukamweleza habari ya kupita meza kwa meza. Alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama na yeye atapita nasi. Tukamwambia ndiyo, yeye na baba mkwe watatangulia. Kikaoni aliitetea kuliko sisi. Waliopinga walikuwa na hoja moja nzuri, kwamba wanaofunga maduka jioni hawatafika saa kumi na mbili. Tumekubaliana kadi ziandikwe saa kumi na moja na nusu, na bafe ibaki wazi mpaka saa tatu.

Bibi atazungumza nami asubuhi kama shangazi alivyosema, saa moja mpaka saa mbili kasoro robo, mlango umefungwa, na matroni wangu ndiye mlinzi. Ukumbini atakata ndafu, na maiki atapewa akiitaka mwenyewe. Dereva wake ni binamu yangu asiyekunywa.

Wimbo wa Lushoto umepata nafasi. Nilipompigia mama mkwe kumwambia, aliita dada zake wote waje kwenye simu.

Limebaki moja. Baba mkwe anasema kreti za plamsi atazipakia kwenye basi la asubuhi. Zifike Dar siku gani zisiharibike? Na mpambaji anaogopa zitadondosha maji kwenye vitambaa vyeupe.

---

Katibu wa vikao:

Umenifurahisha, mdogo wangu. Huyo mjomba mpe kiti kizuri.

Zifike Alhamisi, lakini waambie wachume zile ngumu zilizoanza tu kubadilika rangi. Joto la Dar la Desemba litamalizia kuziivisha. Zikifika msiziache kwenye kreti zikibanana, zitandazeni kwenye mkeka chumba chenye hewa, na msizioshe. Maji ndiyo yanayoziozesha. Zifuteni kwa kitambaa kikavu Jumamosi asubuhi. Mezani ziwekwe kwenye vikapu vidogo au ungo, na chini ya ungo jani la mgomba, vitambaa vya mpambaji vitakuwa salama. Agizeni kreti moja zaidi, kwa sababu wageni watazila kabla ninyi hamjaingia, na ni vizuri wazile.

Masale nayo yakatwe Ijumaa na yasafiri na bibi, shina zikiwa zimefungwa kwa kitambaa chenye maji.

Na kwa kuwa Desemba mvua za vuli bado zinaweza kuwepo, muulizeni mwenye ukumbi leo maegesho yake yanakuwaje mvua ikinyesha, na mwambieni mwenye matarumbeta aje na turubai. Miavuli mikubwa minne ikae kwenye gari la maharusi, sio kwenye gari la kamati.